Joto na kaboni iliyomo udongoni: niliyojifunza Isiolo

Safari ya Isiolo sikuipangia kuandika kitu. Nilikwenda kwa ajili ya akika ya mtoto wa mpwa wangu, ambaye ameolewa na kijana wa Kiborana na sasa anakaa huko. Lakini siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, mkwe wangu, baba yake yule kijana, aliniita pembeni tukakaa chini ya mgunga. Akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo halijanitoka. "Mkwe, wewe umesoma kilimo na unaandika kwenye habari. Niambie, hii kaboni wanayosema iko kwenye udongo wetu na inauzwa kwa Wazungu, iko wapi? Nimechimba kisima mara tatu katika maisha yangu, sijaiona."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamjibu niliyoyajua, na niliyoyajua yalikuwa machache. Stashahada yangu ya kilimo ni ya zamani, na wakati ule kaboni ya udongoni ilikuwa ukurasa mmoja tu katika somo la mboji. Niliporudi Pwani nikakaa wiki kadhaa nikisoma. Makala haya ni jibu langu kwake, na pia kwa wasomaji wa huku Tana River, Lamu, Kilifi na Kwale, kwa sababu mikataba ya aina hii imeshafika kwetu na mingine iko njiani.

Nianze na hilo la iko wapi. Kaboni ni ile iliyomo kwenye makaa, kwenye ubao, kwenye jani, kwenye sukari na kwenye nyama. Jani linavuta hewa ukaa angani, linaachia oksijeni, linabakisha kaboni na kujijengea mwili. Jani likianguka, mzizi ukifa, ng'ombe akiacha samadi, kaboni ile inaingia ardhini. Humo inakutana na bakteria, kuvu na vijidudu visivyohesabika ambavyo chakula chao ndicho hicho. Wanakula, wanapumua, na sehemu kubwa inarudi angani kuwa hewa ukaa tena. Ile inayobaki bila kuliwa, iliyogeuka kuwa mboji nyeusi au iliyoganda kwenye chembe za udongo, ndiyo inayoitwa kaboni ya udongo. Kwa hiyo mkwe wangu ameiona maisha yake yote. Ule weusi wa udongo wa juu anapochimba kisima, kabla hajafika kwenye wekundu au mawe, rangi ile kwa sehemu kubwa ni ya mboji, na zaidi ya nusu ya mboji ni kaboni. (Si kila udongo mweusi una mboji nyingi. Ule mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi una weusi wake mwingine. Lakini kwa kuanzia inatosha.)

Ni nyingi kiasi gani? Katika dunia nzima, ukichimba mita moja tu kwenda chini, udongo una kaboni kiasi cha tani bilioni 1,500. Angani, pamoja na moshi wote wa viwanda na magari wa miaka mia mbili, ipo kiasi cha tani bilioni 870 hivi. Yaani udongo tunaoukanyaga una kaboni kuliko anga, na kuliko miti na majani yote ya dunia yakiwekwa pamoja. Ndiyo maana wataalamu wanaamka usiku. Hazina ya namna hiyo ikivuja hata kidogo, anga inalisikia. Na kinachotishia kuivujisha ni joto.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake apande basi kutoka Nairobi kwenda Isiolo kwa njia ya Nanyuki. Kule Timau uko juu ya mita 2,000, unavaa sweta, mashamba ya ngano yako kushoto na kulia, na udongo uliolimwa ni mweusi kama kahawa iliyokaangwa sana. Kisha barabara inaanza kuteremka, na inateremka kweli, masikio yanaziba. Kwa muda usiofika saa moja uko Isiolo, mita 1,100 hivi juu ya bahari, sweta umelikunja begani, na udongo nje ya dirisha ni mwekundu, wa kijivu au wa mchanga. Kwa kawaida ukishuka mita 1,000 joto linapanda nyuzi 6 au zaidi. Ukigeuka nyuma, ikiwa hakuna mawingu, unauona Mlima Kenya. Huko juu kabisa, penye baridi ya kuuma mifupa, kuna ardhi chepechepe ambayo mizizi na nyasi za miaka mingi zimelala bila kuoza zikamalizika. Mlima, mteremko na uwanda wa chini: baridi kaboni nyingi, joto kaboni kidogo.

Hili la ngazi ya joto si jipya. Mwanasayansi wa udongo Hans Jenny, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alilichunguza katika nyanda za nyasi za Marekani karibu miaka mia moja iliyopita. Alikuta kwamba penye unyevu unaolingana, kila unaposhuka nyuzi 10 za joto, mboji ya udongo inazidi mara mbili au tatu. Sababu yake kila mama wa nyumbani anaijua. Mchuzi wa samaki ukiachwa mezani Mombasa mwezi wa Februari, asubuhi umechacha. Ukiwekwa kwenye friji, siku tatu uko salama. Vijidudu vya udongoni navyo ni vile vile, joto likipanda wanakula haraka zaidi. Mimea nayo inaota haraka penye joto ikiwa mvua ipo, lakini katika mashindano haya, mara nyingi mlaji anamshinda mletaji.

Lakini hapa pia ndipo maneno mengi ya mitandaoni yanapokosea, kwa kudhani joto hufanya kazi sawa kila mahali. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na mwenzao wa Stockholm, walikusanya vipimo vya udongo zaidi ya 9,000 kutoka pande zote za dunia wakavilinganisha na joto la mahali vilipotoka. Kwa wastani, joto likizidi kwa nyuzi 10, kaboni inapungua kwa zaidi ya robo. Lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa. Udongo wa kichanga ulionyesha upungufu karibu mara tatu ya udongo wa mfinyanzi.

Kwa nini? Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na uso wake ukiunganishwa ni mpana mno. Mboji inajibandika humo, inafungiwa katika vijishimo ambavyo bakteria hawafikii. Joto lipande lisipande, chakula kiko nyuma ya mlango uliofungwa. Kwenye kichanga hakuna mlango. Chakula kiko barazani, na anayepita anakula. Watu wa Pwani hatuhitaji utafiti kuambiwa hili. Mwenye shamba la mikorosho kwenye mchanga anajua kwamba samadi aliyoweka mwaka juzi leo haionekani hata harufu. Ila sasa tunajua pia kwamba dunia ikizidi kupata joto, wenye mchanga ndio watakaoanza kupoteza.

Jambo la pili ni maji. Nenda Gazi, Kwale, maji yakitoka, uingie kwenye mikoko na utie mguu. Unazama mpaka gotini kwenye tope jeusi linalonuka yai viza. Joto la Gazi ni kubwa kuliko la Isiolo kwa siku nyingi za mwaka, na bado tope lile limejaa kaboni ya miaka na miaka. Imekuwaje isiliwe? Kwa sababu maji yamefunga hewa isiingie. Bakteria wanaokula kwa kasi wanahitaji oksijeni, na wakiikosa wanabaki wale wa polepole, wanaotoa hiyo harufu. Ndivyo ilivyo pia katika bonde la Kongo, ambako mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba chini ya misitu yenye maji kuna mboji iliyolala yenye kaboni kiasi cha tani bilioni 30. Ni joto la Ikweta, tena karibu na mstari wenyewe. Kwa hiyo msomaji akisikia mtu anasema nchi za joto hazina kaboni udongoni, amwambie aende akafue suruali yake baada ya kutembea kwenye mikoko.

Kinyume cha Kongo ni kaskazini ya mbali, Siberia, Alaska na Kanada, ambako ardhi imeganda mwaka mzima. Huko imefungwa kaboni inayokadiriwa karibu mara mbili ya ile iliyoko angani, na mlinzi wake ni baridi peke yake. Ikiyeyuka, mlango unafunguka. Hayo ni ya huko, lakini madhara yake hayana mpaka.

Je, wamejaribu kupasha ardhi joto makusudi waone? Wamejaribu. Katika msitu wa Harvard, jimbo la Massachusetts, mwaka 1991 walizika nyaya za umeme ardhini wakaupasha udongo nyuzi 5 juu ya kawaida, na wakaendelea hivyo miaka 26 kabla ya kutoa hesabu yao kubwa mwaka 2017. Udongo uliotiwa joto ulipoteza asilimia 17 ya kaboni yake katika sentimita 60 za juu. Haukuipoteza kwa mstari ulionyooka. Miaka kumi ya kwanza ilivuja kwa kasi, ikatulia miaka kadhaa, ikavuja tena, ikatulia tena, kana kwamba vijidudu vinamaliza chakula rahisi, vinapumzika, kisha vinajifunza kula kigumu. Katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, msitu wa joto kama misitu yetu, waliongeza nyuzi 4, na katika miaka miwili hewa ukaa inayotoka udongoni ikaongezeka kwa asilimia 55. Hilo la Panama ndilo lililonishtua, maana zamani tulifundishwa kwamba udongo wa nchi za joto umeshazoea.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya jumla. Mwaka 2016 kundi moja lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2050 udongo wa juu wa dunia utapoteza tani bilioni 55 za kaboni, na papo hapo likakiri kwamba hesabu hiyo inaweza kupungua au kuzidi kwa tani bilioni 50. Miaka miwili baadaye kundi jingine likaongeza vipimo vipya na kusema utabiri ule hausimami. Mimi ninayeandika naona kukubali huko kwa mashaka ni jambo la heshima. Ila usisahau mashaka hayo pale tutakapofika kwenye hesabu za mauzo.

Sasa turudi chini ya mgunga.

Mradi ambao mkwe wangu alikuwa akiuulizia unaendeshwa na shirika la Northern Rangelands Trust, NRT, pamoja na hifadhi za jamii 14 za kaskazini, Isiolo ikiwa mojawapo ya kaunti husika. Eneo lake ni hekta milioni 1.9 hivi, na hesabu yake inaanzia mwaka 2013. Umetajwa kuwa mradi mkubwa kuliko yote duniani wa kuuza kaboni ya udongo, na kampuni kama Netflix na Meta zimekuwa miongoni mwa wanunuzi. Wazo lenyewe ni hili: mifugo ikichungwa kwa mpangilio, ikihamishwa kwa pamoja kutoka mahali hadi mahali, nyasi zinapata nafasi ya kupumua na kurudi, mizizi inaongezeka, na kaboni ya mizizi inabaki udongoni. Kila tani moja ya hewa ukaa inayohesabiwa kuwa imezuiwa humo inakuwa krediti moja. Makadirio ya mradi yalikuwa tani milioni 50 kwa miaka 30.

Nilichukua kalamu nikagawanya. Tani milioni 50, kwa miaka 30, kwa hekta milioni 1.9, ni chini kidogo ya tani moja ya hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka. Hewa ukaa ni kaboni pamoja na oksijeni, na kaboni yenyewe ni kama robo ya uzito huo, kwa hiyo inabaki kilo 240 kwa hekta. Kwa mita moja ya mraba, yaani nafasi ya mswala mmoja hivi, ni gramu 24 kwa mwaka. Vijiko viwili vikubwa vya sukari.

Vijiko viwili, kwenye mswala mmoja, kwa mwaka mzima. Na udongo wa eneo hilo, ukichimba sentimita 30, una uzito wa kilo 400 hivi. Tuchukue mfano kwamba kaboni yake ni nusu ya asilimia moja, basi ipo kilo 2. Unatafuta gramu 24 katika kilo 2 zilizochanganyika na kilo 400, tena katika nchi ambayo hatua ishirini kutoka hapa udongo umebadilika: hapa kichanga, pale mfinyanzi, kule mawe ya volkano. Sisemi haiwezekani kupimwa. Kwa kuchimba mashimo mengi na kusubiri miaka mingi, mabadiliko ya miaka kumi yanaweza kuonekana. Lakini mradi huu, kama miradi mingi ya aina yake, unategemea sana kanuni za hesabu zinazokadiria kaboni kutokana na picha za setilaiti zinazoonyesha ukijani wa nyasi. Hapo ndipo ubishi mkubwa ulipozuka.

Na joto liko wapi katika hesabu hii? Chukua ile robo kwa nyuzi 10 ya watafiti wa Exeter, uigawe. Nyuzi 1 ni kama asilimia 3. Asilimia 3 ya kilo 2 ni gramu 60. Kwa maneno mengine, nyuzi moja ya joto ikiongezeka inaweza kula kazi ya miaka miwili na nusu ya uchungaji mzuri, na kwenye kichanga zaidi. Hii ni hesabu yangu ya baraza, na ina kasoro yake: kulinganisha mahali pa baridi na mahali pa joto si sawasawa na kuchukua mahali pamoja na kupaongezea joto. Lakini inaonyesha ukubwa wa jambo. Si kwamba joto litafuta kila kitu, ila si senti za kuacha mezani pia.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza, kisha nikakutana na jina la Mwingereza mmoja aliyefanya kazi hapa hapa Kenya, naye akanivuruga. H. F. Birch alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kule Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1958 alichapisha utafiti juu ya udongo unaokauka kisha ukaloweshwa. Alionyesha kwamba udongo mkavu ukipata maji, vijidudu vilivyokuwa vimelala vinaamka kwa fujo, na hewa ukaa inatoka kwa kishindo kwa siku chache, kisha inapungua. Kadiri ulivyokauka, ndivyo kishindo kinavyokuwa. Mpaka leo wanasayansi wa dunia nzima wanaliita tukio hilo kwa jina lake, na watu wengi wa Kenya hatujui kwamba liligunduliwa kwetu.

Kwa nini linavuruga? Kwa sababu Isiolo vijidudu havingoji joto. Joto lipo mwaka mzima. Vinangoja maji. Katika miezi ya ukame udongo wa Isiolo unaweza kuwa wa moto usikanyagike bila viatu, na bado hakuna anayekula humo, wote wamelala. Mvua ya kwanza ikinyesha, karamu inaanza. Kwa hiyo katika nchi kavu anayeshika usukani ni mvua, na joto linapitia mlango wa nyuma: linakausha udongo mapema, linafupisha siku za nyasi kuwa kijani, linaongeza ukali wa ukame. Nyasi zisipoota hakuna kaboni mpya inayoingia, na ardhi ikibaki tupu, upepo na mafuriko vinabeba ule udongo wa juu, wenye mboji, kuupeleka Ewaso Ng'iro.

Wenyeji wana ushahidi wa karibu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mkwe wangu alianza kipindi kile na ng'ombe wa kutosha kuozesha watoto wawili, na akamaliza na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Siku hizi familia inashikilia ngamia zaidi. Maziwa ya ngamia ya Isiolo ndiyo yanayopanda magari kila siku kwenda Eastleigh, biashara iliyojengwa na akina mama, wale wa ushirika wa Anolei wakiwa ndio wanaojulikana zaidi. Nilimuuliza, katika miaka ile hapo mahali petu palikuwa na nyasi? Akasema hapakuwa hata na kivuli cha nyasi. Basi nami najiuliza gramu 24 za miaka ile ziliingia kupitia mzizi gani.

Jambo jingine alilonieleza sikulikuta kwenye karatasi za kisayansi, nalo ni zito. Waborana wa Waso wana utaratibu wao wa malisho unaosimamiwa na baraza la wazee wa dedha. Kuna malisho ya masika, malisho ya kiangazi, na yale yanayoachwa kabisa mpaka ukame uume. Kuhamisha mifugo kwa mpangilio, kupumzisha nyasi, kuadhibu anayeingiza ng'ombe pasipo ruhusa, yote yalikuwepo kabla ya mtu yeyote kuleta neno krediti. "Sasa wanatufundisha kuchunga," alisema, akatema kijiti cha mswaki. Mwanzoni nililichukua kuwa ni lalamiko la mzee. Baadaye nikaona ni swali la kihesabu. Krediti inalipwa kwa kaboni ya ziada, ile ambayo isingekuwepo kama si mradi. Ikiwa uchungaji mzuri ulikuwepo tangu zamani, ziada ni ipi?

Swali hilo hilo lilikuwa mojawapo ya shutuma za shirika la Survival International katika ripoti yake ya mwaka 2023 dhidi ya mradi huu. NRT ilizikana shutuma hizo. Verra, taasisi ya Marekani inayothibitisha krediti, iliusimamisha mradi mwaka huo ikaupitia, kisha ikauruhusu uendelee. Lakini Isiolo yenyewe ilikuwa na kesi yake. Wananchi 165 walikuwa wameshitaki tangu mwaka 2021, na tarehe 24 Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Biliqo Bulesa ilikuwa mojawapo ya zile 14 za mradi wa kaboni. Mwaka huo huo wa 2025 Verra ikausimamisha mradi kwa mara ya pili.

Sitaki kuwa hakimu juu ya hakimu. Wapo Isiolo waliosomeshewa watoto kwa fedha za hifadhi, nimekutana nao, na wapo wanaosema walinzi wenye silaha waliwazuia kwenye malisho ya babu zao. Ninachoweza kusema kama mtu aliyesoma udongo kidogo ni kwamba ubishi wa sheria na ubishi wa sayansi vimeshikana mkono. Kaboni ya udongo si gunia la korosho lililokwisha fungwa na kupimwa. Ni kitu kinachoingia na kutoka kila siku, kwa joto, kwa mvua, kwa kwato. Anayeiuza kwa miaka 30 anaahidi pia hali ya hewa ya miaka 30. Masheikh wetu wana mlango mzima katika fiqhi juu ya biashara ya gharar, kuuza samaki aliye bado majini au ndege aliye angani. Sina elimu ya kutoa fatwa hapa, ila ningependa mmoja wao aliyebobea alitazame suala hili na kutuandikia.

Kwetu Pwani habari zinatofautiana. Mikoko Pamoja ya Gazi imekuwa ikiuza kaboni tangu 2013, kwa eneo dogo tu, hekta 117 za mikoko, kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zimeonekana kwenye maji na shule za kijiji. Vanga wakafuata. Naona sababu mbili za wao kuheshimika zaidi. Eneo ni dogo na watu wanajuana, na pia mti wa mkoko unahesabika, unapimwa unene, mtoto wa darasa la sita anaweza kusaidia. Lakini Tana River na Lamu tuna hifadhi za jamii zinazofanya kazi na NRT vilevile, na nchi nyingi ya huko ni nyanda kavu za malisho, jamaa wa karibu wa Isiolo kuliko wa Gazi. Mkataba wa kaboni ya udongo ukiletwa huko, ni yale yale.

Sheria imebadilika, na hili wengi hawajalisikia. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliyopitishwa Septemba 2023 yanasema mradi wa ardhi ulioko kwenye ardhi ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii hiyo, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Lakini ili jamii isaini kama mwenye ardhi, ardhi iwe imesajiliwa kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na sehemu kubwa ya ardhi za jamii, Isiolo na kwetu pia, bado haijasajiliwa. Anayetaka kuanza mahali aanze hapo, kabla ya kikao cha kwanza na mgeni yeyote mwenye gari jeupe.

Akija, muulizeni udongo wetu ulichimbwa wapi na mashimo mangapi, kichanga au mfinyanzi, na nani alikuwepo. Muulizeni mvua zikikosa misimu mitano, krediti zilizokwisha uzwa zinakuwaje, na nani anarudisha fedha. Muulizeni ile kanuni yake ya hesabu imeweka joto kiasi gani kwa miaka ijayo. Hilo la mwisho nimelijaribu mwenyewe kwa bwana mmoja wa kampuni ambayo sitaitaja, aliyekuja kutoa semina hotelini hapa mjini. Alinyamaza kidogo, akaniambia atanitumia jibu kwa barua pepe. Ni mwezi wa nne sasa.

Kabla sijaondoka Isiolo mkwe wangu alinipa chupa ya maziwa ya ngamia ya kupeleka nyumbani, na mimi nikaomba na udongo kidogo wa chini ya ule mgunga, nikautia kwenye mfuko wa nailoni. Watoto wangu walishangaa mtu anatoka safari na udongo. Usiku nikautia kwenye kisahani, nikaunyunyizia maji kwa vidole, na harufu ya mvua ya kwanza ikajaa jikoni. Nilimpigia simu nikamwambia, mkwe, ile harufu unayoisikia mvua inapoanza, ndio saa wanapoamka wanaoila.

Akanyamaza, kisha akauliza kama wanunuzi nao wanalipia harufu.